Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Meno Yetu na Kanuni Tuliyojitungia

Ndugu wanachama wauza viazi,

Mapato na matumizi mhazini ameshayasoma, sitayarudia. Mimi nina neno juu ya meno.

Tulipoanzisha mfuko wa kusaidiana matibabu tuliona ni busara kukubaliana hivi: mwanachama aking'oa jino, mfuko unalipa lote, akiziba, anajilipia, maana kuziba ni ghali. Matokeo mnayaona. Baridi ya Juni hapa Uyole, Mbeya, maji ya bomba yanachoma jino. Mtu anaweka karafuu, anameza vidonge vya maumivu, anangoja viazi vitoke shambani apate pesa ya kuziba. Vikitoka, jino limeshaoza, hapo linang'olewa bure. Mmoja wenu aliniambia bila kuficha: "Mwenyekiti, kuziba ni mfuko wangu, kung'oa ni mfuko wenu." Sikumlaumu. Alifuata kanuni niliyoitia saini mwenyewe.

Katikati ya mwaka tukageuza. Kituo kimoja cha meno hapa mjini tukakilipa kwa kila kazi, mwanachama asitoe hata shilingi. Foleni ikajaa, na wengi walikuwa na maumivu ya miaka. Lakini ankara zikaanza kunenepa: aliyekwenda kuangaliwa tu karudi amesafishwa, amepigwa eksirei, na amepangiwa kurudi. Sisemi tumeibiwa. Wauza viazi tunaijua lumbesa: bei ikiwa ya gunia na mizani haipo, gunia huota nundu.

Jambo hili lilipimwa Marekani kati ya 1974 na 1982, katika jaribio la shirika la utafiti la RAND. Familia zilizotibiwa bure zilitumia huduma zaidi ya zile zilizochangia sehemu ya gharama. Kwa meno, wimbi kubwa lilikuwa la mwaka wa kwanza, kisha likatulia. Kwa hiyo foleni yetu isitutie hofu sana. Linalonikera ni jingine: waliochangia walipunguza hata matibabu waliyoyahitaji. Ndiyo maana siungi mkono wazo la mhazini la kila mtu kulipa nusu. (Tumebishana hadi usiku, na bado hajakubali.)

Kamati inaleta pendekezo. Kuangaliwa mara moja kwa mwaka na kuziba, mfuko ulipe lote. Kung'oa, mwanachama achangie kidogo, isipokuwa watoto na wazee. Kituo nacho tukilipe kwa kichwa, yaani kiasi kilekile kwa kila mwanachama, atibiwe asitibiwe, badala ya kwa kazi. Najua mtauliza: si wataanza kutukwepa, maana pesa wameshapata? Wanaweza. Kwa hiyo katibu atakuwa na daftari la waliorudishwa bila kutibiwa, na mkataba uwe wa miezi sita tu.

Kadi za CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii: kadi si mbadala wa mfuko wetu huu, wala mfuko wetu si mbadala wa kadi. Ambao kadi zimeisha muda wamwone katibu leo.

Rasimu ya kanuni ipo mezani. Kura ni baada ya chai.