Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wafuga Nyuki, Lubumbashi

Ba-mama, ba-baba na vijana wetu, jambo yenu wote.

Hesabu za fedha na za asali mtazisikia kwa Papa Mweka hazina. Ameziandika vizuri kuliko ninavyoweza kuzisema, na karatasi zake mnazo mkononi. Mimi nitazungumzia masomo, kwa sababu huko ndiko kamati ilikoelekeza nguvu mwaka huu, na najua kuna wenzetu ambao bado wananung'unika.

Manung'uniko yenyewe si siri. Wengi walitaka michango inunue mizinga mipya, kila mmoja apate wake aende nao nyumbani. Kamati ilikataa. Sote tumeiona mizinga iliyowahi kugawiwa bure vijijini: mingine imejaa nondo wa nta, mingine mijusi, na mmoja nimeukuta umegeuzwa kiota cha kuku. Waliopewa hawakuwa wavivu. Hakuna aliyewaonyesha namna ya kuufungua. Basi pesa zikaenda kwenye mavazi ya kinga, mabomba ya moshi na mizinga michache ya kujifunzia, na msimamo huo ningali nao.

Mizinga hiyo iko kwenye shamba tuliloazimwa na mwenzetu, nje ya mji, njia ya Kipushi. Tunakutana Jumamosi saa kumi jioni. Waliotaka asubuhi niwajibu hapa: nyuki wetu hawa wa Afrika ukiwafungua juani mchana watakufuata hadi barabarani, na barabarani kuna watoto na wapita njia. Jua likishuka wanatulia upesi, na giza linakusaidia kumaliza ugomvi. Tena, msije mmekula ndizi. Nyuki akichoma hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana sana na ya ndizi mbivu. Wanaocheka hapo nyuma wamjaribu nyuki mwenyewe.

Somo lililovuta watu kuliko mengine lilikuwa la kumjua malkia bila kumwona. Mama mmoja wa Katuba, muuza mboga, aliuliza swali ambalo wengi walikuwa wakilificha: kati ya nyuki maelfu, nitajuaje kama mwenye nyumba yupo? Mzee anayetufundisha hakumjibu. Alipuliza moshi kidogo mlangoni, akasubiri, akainua papi moja, yaani kipande cha mbao cha juu ya mzinga ambacho nyuki hujenga sega chini yake, iliyo na sega la katikati, akampa ashike. Akamwambia asimame jua likiwa nyuma ya bega lake, mwanga uingie mpaka chini ya vyumba vya sega. Yule mama alitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Naona kitu kama uzi mweupe, umesimama." Hilo lilikuwa yai. Yai la siku ya kwanza husimama wima, la siku ya pili huinama, la siku ya tatu hulala kabisa kisha hutoka buu. Kwa hiyo ukiona mayai yaliyosimama, malkia alipita hapo ndani ya siku moja, na huna haja ya kuendelea kuwasumbua nyuki kwa kumtafuta. Mama akageuka kwa wenzake: "Yupo. Leo hii alikuwa hapa." Tangu jioni hiyo yeye ndiye anayewaonyesha wageni.

Kutoka hapo hesabu nyingine zikawa rahisi. Malkia huchukua siku 16 tangu yai hadi kutoka, nyuki mfanyakazi kama siku 21, wetu wakati mwingine pungufu kidogo, na dume siku 24. Anayetaka kugawa kundi anajua sasa arudi lini kuangalia na asirudi lini. Zamani tulikuwa tukifungua kila tulipopata hamu, na kundi lililochoshwa hivyo huhama. Nyuki wetu hawana subira ya kukaa na mwenyeji msumbufu.

Jambo jingine tulilojifunza kwa hasara ndogo: sega la mzinga wa papi halina fremu ya kulishika pembeni. Ukiliinua, lishike likiwa limening'inia vile vile lilivyojengwa. Ukilipindua ubavu kwenye joto la Oktoba linakatika. Moja lilikatika mbele yetu, likaanguka na mabuu yake yote, na mwanafunzi aliyelishika hakusema neno mpaka tulipofika barabarani. Sijaona hotuba inayofundisha watu upesi namna hiyo.

Upande wa useremala, niseme kwa ufupi: papi ziwe na upana wa milimita 32. Si 30, si 40, wala si "kwa kukadiria". Nyuki wa kwetu hujenga sega moja chini ya papi moja kwa kipimo hicho. Zikiwa pana kuliko hapo wanaanza kuvusha masega kutoka papi moja hadi nyingine, na siku ya kufungua unapasua nyumba nzima. Kuna mwenzetu aliyeagiza kwa fundi bila kumpa kipimo, na mzinga wake mpaka leo haufunguki. Kijiti cha kipimo kinakaa kwa Mama Katibu. Kiazimeni kabla ya kwenda kwa seremala.

Sasa nifike kwenye suala la magome, maana lilitugawa. Wazee wetu wametoa asali kwenye mizinga ya magome tangu zamani, na ufundi wao si wa kudharauliwa: kuvua gome zima bila kulipasua na kulifunga mithili ya ngoma ni kazi ambayo sisi wa mjini hatuiwezi. Lakini mti uliovuliwa gome pande zote unakufa, na mara nyingi mti wenyewe ni muputu au mutondo, miti ile ile inayolisha nyuki. Muputu huchanua kabla ya mvua, kuanzia Septemba hivi, na mutondo mvua zinapokaribia kuisha. Ukiua hiyo unaua misimu yote miwili. Kijana mmoja alisema kwa sauti kuwa wazee ndio wanaomaliza pori. Nilimkatiza mkutanoni na ninarudia leo: asubuhi yoyote, simameni kwenye barabara yoyote inayoingia mjini, mtazame baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala, yaani mkaa, kisha mniambie ni nani anamaliza pori. Makala hayo yanapika bukari (ugali) la kwetu, mimi na ninyi. Mzee wa magome anakata mti mmoja na anaukumbuka kwa jina.

Tulichokubaliana ni hiki. Chama hakitanunua wala kusambaza mizinga mipya ya magome, na wazee wanaoitumia wanabaki wanachama kamili, tena walimu. Wao ndio waliotufundisha kusoma maua, kuning'iniza mzinga mahali ambapo siafu hawafiki, na kuuvutia kundi kwa kupaka nta ya zamani na mchaichai uliopondwa. Mchaichai una harufu iliyo karibu na ile ambayo nyuki hutoa wakiitana nyumbani. Wazee hawakuambiwa hilo na mtu wa maabara, waliliona.

Kuhusu asali yenyewe, tumenunua kipimo kimoja cha maji, refraktomita, kinachotumiwa na wote. Kanuni za kimataifa za chakula zinataka asali isizidi maji asilimia 20. Ikizidi, inachacha ndani ya chupa, na mteja akifungua povu linamtokea. Anayevuna wakati wa mvua ajihadhari zaidi. Bila kipimo, fuata macho: vuna sega ambalo nyuki wameshalifunika kwa nta karibu lote, na lile lenye mabuu liache. Ndoo zilizokuwa na rangi ya kupaka nyumba hatutaki kuziona tena, hata zikioshwa.

Sokoni mtakutana na watu wanaopima asali kwa kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha, au kwa kudondosha tone kwenye glasi ya maji. Msigombane nao, ila msiwaige. Majaribio hayo hayatenganishi asali safi na ile iliyotiwa sukari. Na asali ikiganda mwezi wa sita au wa saba, baridi ya Lubumbashi inapobana, haimaanishi imechanganywa. Ni glukosi yake inayojitenga. Iwekeni chupa kwenye maji ya uvuguvugu, taratibu, isichemke. Jambo moja la lazima kumwambia kila mteja mwenye mtoto: aliye chini ya mwaka mmoja haruhusiwi asali kabisa, hata ya kulamba, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria.

Kiangazi kilitupima. Moto wa pori ulifika karibu na shamba, na kilichotuokoa ni ukanda tuliousafisha mapema kuizunguka mizinga. Vijana waliofyeka wakilalamika kuwa hakuna nyuki ndani ya jembe, nawashukuru kwa majina yao yote, wanajijua. Maji pia: mabeseni yenye mawe ndani, nyuki watue bila kuzama. Tulipoacha kuyajaza, kundi moja lilihama.

Tuliitwa pia mara kadhaa kutoa nyuki kwenye paa za nyumba mjini, Kampemba na Ruashi. Kazi hiyo inafanywa usiku, na wenye mafunzo peke yao. Naomba ieleweke kuwa chama hakiruhusu mzinga ndani ya parseli (kiwanja cha nyumba) ya mjini, hata kama jirani ni shemeji yako. Mtu mwenye mzio anaweza kufa kwa kuchomwa mara moja.

Mwaka ujao masomo ya Jumamosi yanaendelea. Wapya watafungua mzinga wakiwa na mwenyeji mmoja mmoja, maana tulipokuwa kundi kubwa nusu yao walitazama migongo ya wenzao. Tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, tutapokea wanafunzi wa shule shambani. Tutaandika pia barua kwa kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuomba mtu wa kutufundisha magonjwa ya nyuki, kwani hapo wazee wenyewe wamekiri tumefika mwisho wa tunayoyajua. Na ba-mama wanaotaka kushona mavazi madogo kwa vimo vyao wamwone fundi wetu. Yale makubwa yanaingiza nyuki kiunoni.

Majina ya wanafunzi wapya yapelekwe kwa Mama Katibu leo kabla hatujala. Mavazi mawili na bomba moja la moshi havijarudi tangu mavuno ya mwisho. Walionavyo wanajijua, na Jumamosi ijayo tunavihitaji.