Mtoto asiyetulia anahitaji watu wazima wabadilike kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya maoni ya wasomaji nichangie mjadala kuhusu watoto wenye ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini inayoambatana na kutotulia na kutenda kwa pupa. Kila mjadala huu unapozuka, wachangiaji hugawanyika kambi mbili: wanaoamini kwamba dawa ndiyo jibu, na wanaoiona dawa kuwa njia ya kumnyamazisha mtoto ili wakubwa wapumzike. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kwa maoni yangu ugomvi huo unaliacha nyuma jambo la msingi zaidi. Msaada usio wa dawa upo, umechunguzwa kwa miaka mingi, na unawezekana nyumbani na darasani. Lakini kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mzima kubadili namna anavyoagiza, anavyosifu, anavyoadhibu na anavyopanga mazingira, wala si zoezi analopewa mtoto ili ajirekebishe mwenyewe. Nahisi ndiyo sababu hauna wapiga debe wengi.

Hali hii haikuletwa na simu wala televisheni. Mwaka 1902 daktari wa watoto aitwaye George Still, katika mihadhara yake kwenye Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London, alieleza watoto ambao akili zao zilikuwa timamu lakini walishindwa kujizuia, na ambao adhabu haikuwazuia kurudia kosa lile lile baada ya muda mfupi. Leo inakadiriwa kwamba takriban asilimia 5 ya watoto duniani wana hali hii. Tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa karibu robo tatu ya tofauti zinazoonekana kati ya watoto katika dalili zake hutokana na urithi, jambo ambalo lingetosha kuwanyamazisha wanaomnyooshea mama kidole kila mtoto anaposimama juu ya dawati. Na kwa kuwa hali hii hupita katika damu, si ajabu mzazi anayetakiwa kumsaidia mtoto awe na pupa na usahaulifu ule ule. Mipango ya msaada isiyolizingatia hilo huishia kwenye makaratasi.

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia ukuaji wa ubongo wa watoto kwa picha zilizopigwa mara kwa mara. Waliona kwamba gamba la ubongo lilifikia kilele cha unene wake katika umri wa takriban miaka 10.5 kwa watoto wenye ADHD, ilhali kwa wenzao lilifikia hapo kwenye takriban miaka 7.5, na ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi katika sehemu za mbele zinazohusika na kupanga, kujizuia na kushikilia jambo akilini. Haina maana kwamba mtoto ana upungufu wa akili, kwani wapo wenye ADHD wanaowashinda wenzao katika hesabu na lugha. Maana yake ni kwamba tunapomdai utulivu wa umri wake wa kuzaliwa, huenda tunamdai kitu ambacho bado hajawa nacho.

Hapa ndipo hekima yetu ya malezi inapohitaji kusomwa kwa uangalifu. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na wengi wetu tunaposema hivyo mkononi tuna fimbo. Lakini tatizo la mtoto huyu si kutojua la kufanya. Muulize, atakutajia kanuni zote za darasa bila kuruka hata moja. Kinachomshinda ni kukifanya anachokijua wakati ule ule kinapohitajika, kabla mkono haujamvuta nywele aliyekaa mbele yake. Adhabu inayotolewa jioni kwa kosa la asubuhi inamfikia ikiwa imeshapoteza uhusiano na kosa. Na zawadi inayoahidiwa mwisho wa muhula iko mbali sana kiasi kwamba kwake ni sawa na kutokuwepo. Mtoto anayechapwa na kukaripiwa kila siku hajifunzi kujizuia, bali hujifunza kwamba yeye ni mbaya, na akishafika hapo huwa hana tena sababu ya kujaribu.

Wazazi huniambia, na ninaelewa kwa nini, kwamba mtoto huyo huyo anayeshindwa kumaliza mistari mitano ya kuandika anaweza kukaa saa mbili kwenye mchezo wa kompyuta bila kupepesa macho, kwa hiyo ni uvivu tu. Mchezo huo humlipa kila baada ya sekunde chache kwa sauti, rangi na alama, na kosa likitokea anaanza upya bila kufokewa. Daftari halimlipi chochote mpaka litakaposahihishwa. Umakini anao, ila hawezi kuuamrisha kwa hiari yake uende kwenye kazi isiyo na mvuto. Badala ya kuuchukia mchezo, ni vyema tujiulize umetumia mbinu gani ambazo sisi hatuzitumii.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba si kila mtoto mtundu ana ADHD, na mwalimu hana mamlaka ya kulibandika jina hilo. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani uliotolewa mwaka 2013 unataka mtoto awe na dalili zisizopungua sita, ama za kukosa umakini au za kutotulia na pupa, zilizodumu kwa angalau miezi 6, zilizoonekana kabla ya umri wa miaka 12, katika mazingira mawili au zaidi, na zinazovuruga maisha yake kweli kweli. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha. Mtaalamu hutegemea historia na maelezo ya wazazi na walimu, na maelezo yetu yakiwa ya ovyo, utambuzi nao utakuwa wa ovyo. Mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubaoni, anayekoroma na kuamka hajapumzika, mwenye aina ya kifafa inayomzubaisha kwa sekunde kadhaa, au anayeishi katika nyumba yenye vurugu, anaweza kufanana sana na mwenye ADHD. Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha pia kwamba watoto wadogo kuliko wote katika darasa lao ndio hutambuliwa mara nyingi zaidi kuwa na hali hii, maana yake wakati mwingine tunaupa utoto jina la ugonjwa. Kwa upande mwingine wapo tunaowakosa, hasa wasichana wanaokaa kimya karibu na dirisha, mawazo yao yakiwa mbali. Hao hawamsumbui mtu, basi hakuna anayewauliza.

Sasa nieleze kazi ya mtu mzima ni ipi. Msingi wake ni mafunzo kwa wazazi kuhusu namna ya kuongoza tabia, ambayo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kinayaweka mbele ya dawa kwa watoto wa miaka 4 mpaka kabla ya kutimiza 6. Mzazi anafundishwa kumsogelea mtoto, kumwita jina, kupata macho yake, kisha kutoa agizo moja fupi na kulisubiri, badala ya kupaza sauti kutoka chumba kingine akiorodhesha mambo manne ambayo mawili ya mwisho hayatasikika kabisa. Anafundishwa kuliona jambo jema dogo na kulitaja papo hapo kwa jina lake: si «umekuwa mzuri leo», bali «umesubiri zamu yako bila kumsukuma mdogo wako». Anafundishwa kupuuza makosa madogo yanayotafuta kuangaliwa, na kuyawekea makosa makubwa matokeo mafupi, yanayojulikana mapema, yasiyobadilika kulingana na hasira za siku hiyo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mzazi aliyechoka huruhusu leo alichokataza jana, na mtoto ambaye tayari anapata shida kukumbuka kanuni hubaki bila kanuni ya kukumbuka.

Darasani kanuni ni zile zile. Mtoto akae karibu na mwalimu, mbali na mlango, si kama adhabu bali ili aguswe bega kabla hajapotea. Kazi ya maswali ishirini igawanywe iwe ya matano matano, na kila kipande kikaguliwe kinapokwisha. Agizo la mdomo liandikwe pia ubaoni, kwa sababu sauti hupita na maandishi hubaki. Apewe nafasi halali ya kujinyoosha: agawe madaftari, afute ubao, apeleke ujumbe ofisini. Mbinu iliyochunguzwa vizuri na isiyohitaji fedha ni kadi ya kila siku inayotembea kati ya shule na nyumbani, yenye malengo mawili au matatu tu, kwa mfano kuinua mkono kabla ya kusema na kumaliza kazi ya somo la kwanza. Mwalimu anaweka alama baada ya kila kipindi, na mzazi anatoa tuzo ndogo siku hiyo hiyo. Naijua hoja ya wenzangu kwamba darasa lina watoto wengi na mwalimu ni mmoja, na ni hoja ya kweli. Lakini tukijumlisha dakika tunazozitumia kumkaripia mtoto mmoja kwa siku, kadi hiyo huenda ikatupunguzia kazi.

Usingizi wa kutosha na michezo ya mwili husaidia pia, ingawa havitoshi peke yake. Yapo mengine yanayouzwa kwa kelele kubwa kuliko ushahidi wake. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 1995 haukuona kwamba sukari hubadili tabia au umakini wa watoto. Mafuta ya samaki, pale yanaposaidia, husaidia kidogo mno, na programu za kompyuta za kunoa kumbukumbu humfanya mtoto awe hodari wa programu hizo zaidi kuliko wa masomo yake.

Nikiishia hapa nitakuwa nimewapotosha wasomaji. Njia hizi zinapunguza ugomvi, ukaidi na fedheha, na zinajenga uhusiano kati ya mtoto na wakubwa wake, lakini kwa dalili za msingi za ADHD dawa zina nguvu zaidi, angalau kwa muda mfupi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa watoto 579, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba baada ya miezi 14 dawa zilizosimamiwa kwa uangalifu zilipunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake, na kwamba waliopata vyote viwili waliendelea vizuri kwa kiwango kidogo cha dawa. Walipofuatiliwa mpaka mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi zilikuwa zimefifia. Dawa kama methilifenideti hazimgeuzi mtoto kuwa zezeta zinapotumika ipasavyo, ila zinaweza kupunguza hamu ya kula na usingizi, na zinahitaji daktari anayepima uzito, urefu na mapigo ya moyo mara kwa mara. Mzazi aliyeamua kuzitumia baada ya ushauri huo hastahili kusemwa vibaya, kama asivyostahili aliyeamua kuanza na mafunzo. Ninachokipinga ni kidonge kinachotolewa ili sisi wengine tuendelee kama tulivyokuwa.

Namalizia kwa ombi moja kwa walimu wakuu, ambalo halihitaji bajeti wala waraka kutoka juu. Katika shule nyingi, mtoto asiyemaliza kazi hunyimwa mapumziko na kubaki darasani akiandika wakati wenzake wanakimbia uwanjani. Kwa mtoto mwenye ADHD adhabu hiyo inamnyima dakika zile zile za kutumia mwili ambazo zingemwezesha kukaa katika kipindi kinachofuata, na anayezilipia ni mwalimu wa kipindi hicho pamoja na darasa zima. Naomba iondolewe kwenye orodha ya adhabu za shule, na kazi isiyokwisha itafutiwe muda mwingine.

Wako,
Mwalimu wa shule ya msingi
(Jina limehifadhiwa)