Ile namba ya mama Mpemba

Shoga yangu,

Salaam nyingi kutoka Likoni. Mzima lakini? Huku twashukuru Mungu. Nimekuandikia maana tangu juzi roho haijatulia kabisa.

Wamkumbuka yule mama Mpemba wa hapo nyuma anayekaanga samaki? Basi kaibiwa simu kwenye feri, ni kabambe tu ya vibonyezo, nikaenda naye dukani arudishiwe laini yake. Kijana akauliza laini ina jina la nani, mama kimya. Kumbe ilisajiliwa na mpangaji wa chumba cha pili miaka 11 nyuma, maana wakati ule mama hakuwa na kitambulisho na bila kitambulisho husajiliwi laini, na huyo mpangaji alishahama hata hajulikani yuko wapi. Kijana akasema mwenye jina aje mwenyewe.

Na sasa kitambulisho anacho wallahi! Wapemba si walitambuliwa kuwa kabila la Kenya 2023, baada ya miaka na miaka bila uraia, kama Wamakonde walivyopata baada ya kutoka Kwale kwa miguu 2016 kwenda Nairobi kudai. Mama akafungua pindo la leso akakitoa kimefungwa kwa nailoni, akakiweka pale mezani. Kijana akamsukumia akirudishe.

Laini ile ilikuwa na pesa ya mtaji, ila kilichomliza si pesa. Alinambia, "mwanangu, ndugu zangu wa Wete wajua namba ile tu." Namba zao hakuziandika pahala, zilikuwa mle mle kwa simu, na kakake ni mgonjwa. Sasa lolote likitokea huko Pemba nani atamwita?

Halafu haya yote ni Mombasa, ambako nyaya za baharini za intaneti, TEAMS na SEACOM, zilishushwa 2009 na Kenya nzima ikaanza kupata kasi kupitia kwetu. Twaambiwa tudai bando rahisi, sawa, lakini mtu ambaye hata laini si yake bando ataliweka wapi?

Sasa wewe wa sheria nisaidie. Nimesoma Katiba, Ibara ya 33 ya uhuru wa kujieleza yasema kila mtu, lakini ya 35 ya kupata habari yasema kila raia. Sasa miaka yote ile mama hana karatasi alikuwa nani? Na leo akitumia hio 35 pamoja na ile Sheria ya Kupata Habari ya 2016, yaweza kuwabana hao wa laini wamwandikie ni utaratibu gani wa kuhamisha namba kwa jina lake? Maana jibu la mdomo nimechoka nalo. Si yeye peke yake, mtaani wako wengi wanaotumia laini za majina ya watu.

Nitumie hata voisi. Barua nitaandika mie, yeye atie sahihi, Jumatatu tuipeleke.

Nisalimie mama.

Mie mwenzio