Dada, embe zimeanza kuanguka

Dada yangu, shikamoo.

Shikamoo haingoji watu wapatane, kwa hiyo nimekuamkia kwanza. Naandika hapa mbele ya watu kwa sababu mambo yetu yaliharibikia mbele ya watu. Simu yangu hupokei. Barua niliyompa mtoto wa jirani alipokuja Muscat, naambiwa uliitia mkobani bila kuifungua. Hii utaisoma, maana yuko atakayekupelekea hata kama hutaki.

Kaskazi imeshika hapa Unguja. Ni lile joto la kumwaga maji sakafuni ndipo ulale. Mwembe wa uwani umezaa mpaka tawi la upande wa kisima nimelitegemeza kwa gadi, na usiku nasikia embe zinavyogonga bati: moja, kimya, halafu mbili kwa pamoja. Ndiyo, bati. Nitafika huko.

Jumamosi tuliwaita watu wa kidumbaki, ile taarabu ya mtaani ya ngoma ndogo, fidla na sanduku la kamba. Mpiga sanduku ni yule yule. Amezeeka mabega tu, maana akiuvuta ule mti, kamba bado inalia mpaka unaisikia tumboni. Fidla sasa ameshika mwanawe. Ngozi za vidumbaki walizipasha moto pale pale pa siku zote, kwa makuti makavu, moshi ukaingia kwenye nguo nilizoanika nikakumbuka ulivyokuwa ukigomba. Kila nyumba ikaleta chungu chake kama zamani. Wa kona walileta pweza wa nazi, wa nyuma shelisheli la kukaanga, mikate ya ufuta ikaja imefungwa kitambaa, bado ya moto. Shokishoki kapu zima, watoto wakautapakaza mkeka kwa maganda mekundu. Mie nilipika nguru kwa embe mbichi. Ule mchuzi wa Mama, unaujua: tui la pili kwanza, embe ikilainika bila kuvunjika ndipo unatia kasimile, lile tui zito la kwanza, na mwiko unakwenda upande mmoja tu lisije likakatika.

Watu huandika kuhusu taarabu yetu wakaanzia kundi la Ikhwani Safaa, mwaka 1905, ala za kanuni na nai na mabwana waliokaa kwenye viti. Ni fahari yetu, sibishi. Lakini mimi na wewe hatukukulia kwenye viti. Tulikulia mkekani, karibu na sanduku, na vidole vinanuka embe. Mama alipenda kutuhadithia Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akitembeza vyungu mjini, mpaka mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kutia sauti yake kwenye santuri. Alikuwa akituambia: mwanamke aliyebeba vyungu anajua uzito wa maneno. Wewe ulikuwa unaicheka hadithi ile. Mie nilikuwa nafikiria vyungu.

Na Februari zile za tamasha la muziki la Sauti za Busara, ilipoanza 2004 na kuendelea! Tiketi hatuna, tunakaa Forodhani na kuisikiliza ngoma ikivuka ukuta wa Ngome Kongwe. Unanunua bakuli moja la urojo, unaomba vijiko viwili, na bajia zote unaniachia. Sijapata kumpenda mtu kama nilivyokupenda kwa zile bajia. Hili nataka ulijue kabla sijasema lile lingine.

Jumamosi niliposimama kupakua, upawa mkononi, nikaona nimesimama pale pale.

Wewe huna haja ya kuelezwa, lakini huenda anasoma mtu aliyekulia mbali. Kwetu, wimbo ukiimbwa, anayeguswa na ubeti huinuka akacheza mpaka mbele akamtunza mwimbaji. Na ukiinuka kwenye ubeti wa kijembe huku ukimkabili mtu, umeshamwambia. Hujafungua mdomo, na mtaa mzima umesikia.

Ilikuwa Januari 2019. Ulikuja likizo wiki tatu. Siku ya kwanza tu uliinua macho ukaliona paa ni lile lile la zamani, hukusema kitu. Usiku ule wa kidumbaki ulionja mchuzi wangu ukasema kwa sauti kwamba hauna chumvi, kwamba nimeupoteza mkono wa Mama. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kisha mwimbaji akafika kwenye ubeti wa mtu aliyewekewa amana akaila.

Ukainuka. Dera la kijani, bangili zako mbili. Ukachomoa noti ya shilingi 10,000, ukaja unacheza kwa mabega, taratibu, na vigelegele vikapigwa, maana hakuna aliyejua. Hukwenda kwa mwimbaji. Ulizunguka mkeka mpaka kwenye chungu changu, ukaizungusha ile noti mbele ya uso wangu mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ikanigusa kipaji cha uso. Ndipo ukageuka ukamtunza. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Nilikuwa nimeshika sahani ya mtoto wa watu. Mchuzi ulichirizika kwenye upawa ukaniunguza kidole gumba, sikuutoa mkono. Nikaimaliza sahani ile, nikazipakua na nyingine zote, kila mtu kipande chake cha embe. Sikukosea hesabu.

Ungeniita chumbani, Dada. Ungefunga mlango ukaniuliza: pesa ya mabati iko wapi? Hata ungenizaba kofi, wewe ni mkubwa wangu, ningelipokea. Hukuniuliza.

Pesa ya mabati iliingia mwilini mwa Mama. Zile 2,400,000 ulizotuma. Miguu ilianza kuvimba Septemba, tukaambiwa figo. Tumevuka na boti kwenda Dar es Salaam mara nne, vipimo, dawa, na mahali pa kufikia. Aliniapisha kwa msahafu nisikwambie. Alisema ukijua utaacha kazi, na ukiacha kazi mwanao atatoka skuli. "Mwambie mabati yamepanda bei." Nikakwambia mabati yamepanda bei. Uongo ule ulipita kwenye ulimi wangu na nitaulizwa mimi, lakini aliyeutunga ni yeye.

Mchuzi haukuwa na chumvi kwa sababu Mama alikatazwa chumvi. Niliupika chungu kimoja kwa wote ili asile peke yake, watu wasije wakamuuliza.

Mdogo hamshauri mkubwa, lakini niache nikushauri. Anayerudi nyumbani baada ya muda mrefu asianzie paa. Aingie jikoni, aonje, aulize kwa nini. Amfunue mama yake kanga aitazame miguu. Maji aliyokuwa akinywa Mama nilikuwa nikimpimia kwa kikombe kile cha bluu, mbele ya macho yako, wiki tatu nzima. Mie nilikuwa naamka saa tisa usiku kumgeuza. Nilikuwa naosha, napika, nadanganya, vyote kwa mikono hii, na hakuna aliyenipa likizo.

Najua utaniuliza cherehani. Uliiona, ilikuwa mpya, imefunikwa shuka. Ndiyo, 280,000 katika pesa ile ile ilinunua cherehani. Sikumuuliza Mama na sikukuuliza wewe. Lakini kazi nilikuwa nimeshaiacha nikae na mgonjwa, tungekula nini? Nilishona sare za skuli huku nasikiliza anavyopumua, na mlio wa pumzi ukibadilika nasimamisha mguu. Cherehani ile ilitulisha miezi yote iliyobaki. Na mwaka 2021 mabati 12 ya kwanza niliyopandisha ni ya cherehani. Kama hiyo ndiyo amana niliyokula, basi nimeitapika ikawa paa, njoo ulihesabu.

Kuna jambo sijawahi kulitamka. Mama alikuwa ameketi chini ya mwembe, hatua tano kutoka kwangu. Aliiona noti. Aliuona uso wangu. Neno moja lake lingetosha, hata "ee mwanangu, kaa chini". Aliinamisha macho, akaomba apewe ukoko. Nikampelekea ukoko. Siku nyingine namsomea Fatiha, nikifika katikati naukumbuka ule ukoko, na namwogopa Mungu. Labda hasira yangu yote haikuwa yako. Labda nusu. Lakini wewe uko hai, unaweza kuibeba.

Alifariki masika ya mwaka ule ule, siku chache kabla ya Ramadhani. Alizikwa baada ya Alasiri, mvua ikinyesha. Ulifika siku ya tatu. Ulikaa upande ule wa ukumbi, mie upande huu, khitma ikasomwa ikaisha, tukapeana mkono kama watu waliokutana botini. Nilitaka kukwambia siku ile. Nikakutazama ulivyolia nikaona nikikwambia nitakuua. Unaweza kusema nilinyamaza ili uendelee kuwa na makosa. Nimejiuliza hilo pia. Sidhani. Nilikuwa nakuhurumia.

Tangu hapo tumesemezana mara moja. Ijumaa ile ya tarehe 25 Desemba 2020, jumba la Beit al Ajaib lilipoporomoka na watu wawili wakafa, uliniandikia: "Mko salama?" Nikajibu: "Tupo." Nilikaa na simu mkononi mpaka Isha nikingoja uandike jingine, kumbe nawe pengine ulikuwa umekaa na yako.

Mwimbaji wa usiku ule alikuja kwangu asubuhi yake, kabla hujaamka. Akanitia noti mkononi akasema ile haikuwa tunzo, hawezi kuila. Niliiweka kwenye kopo la binzari nikaisahau, na sasa imeshika rangi. Ipo. Ni yako, sijaitumia hata siku tulipokuwa hatuna unga.

Huko kwenu sasa ndiyo hewa nzuri, naona picha zenu mmekaa nje usiku, kabla halijarudi lile joto lenu la zaidi ya nyuzi 40. Hata zamani majahazi ya upande huo yalikuja na kaskazi hii hii, yakangoja kusi ndipo yarudi, na mtu alikuwa anajua mwezi gani amtazamie ndugu yake. Wewe una ndege ya kila siku na sijui nikutazamie lini.

Embe za mwisho huanguka mwezi wa tatu, masika yakiwa karibu. Watu wa kidumbaki wamesema Jumamosi ya mwisho ya Februari wapo. Chumba chako nimekipaka chokaa. Nguru nitakwenda kumchagua mwenyewe sokoni, mapema, kabla hawajaisha. Chumvi nitaiweka mkekani, kila mtu atie yake.