Sinema isiyo na cha kutafsiri

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa burudani ameandika kwamba zile sinema za Ulaya zinazokwenda mwendo wa kinyonga ni za watu walioshiba. Mimi natafsiri sinema kwa maiki kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea sinema, hapa Kirumba, naomba nafasi nimjibu.

Masika iliyopita mpwa wangu aliniletea kwenye flashi "Jeanne Dielman", filamu ya mwaka 1975 ya Mbelgiji Chantal Akerman. Dakika 201! Akanitia hamu kwamba mwaka 2022 wahakiki walioulizwa na jarida la Sight and Sound la Uingereza waliipa namba moja kuliko filamu zote. Basi nikaiweka jioni, kiingilio shilingi 500 kama kawaida, nikashika maiki.

Nitafsiri nini sasa? Mama mjane wa Brussels anamenya viazi. Anaosha vyombo, katugeuzia mgongo. Anazima taa huku, anawasha kule. Kamera haisogei. Nikajaribu kumtungia maneno, "Leo mwanangu atakula vizuri," mpaka kijana mmoja akanikata: "Anko, nyamaza, mbona mwenyewe kanyamaza?" Nusu saa haijaisha, vijana wakadai hela zao. Nikawarudishia.

Walibaki akina mama watatu wanaoanika dagaa, nao kwa sababu ya mvua. Walikuwa wamefunika dagaa zao turubai, hawana pa kwenda. Kwanza walimkosoa anavyopaka nyama unga. Kisha siku ya pili ya hadithi, mama yule (mchana hupokea wanaume kwa malipo) akakawia chumbani, viazi vikaiva mno vikawa rojorojo. Akabeba sufuria, akazunguka nayo nyumbani kama mtu aliyepotewa.

"Yesu wangu," akasema mmoja, "huyu leo ana jambo." Mimi nilikuwa sijaona kitu. Kuanzia hapo wakawa wanahesabu kila anapokosea: kijiko kimemdondoka, hicho! Kelele zao kwa kijiko kile sijawahi kuzisikia hata kwenye sinema za kareti.

Mmoja akanigeukia: "Hizo unazotuwekea siku zote watu wanakula tu. Anayepika tulikuwa hatujamwona."

Mvua ilikatika filamu haijafika mwisho. Nikawaambia mlango uko wazi. Mkubwa wao akatoa simu, akapiga nyumbani: "Songeni ugali wenyewe. Mimi namsubiri huyu mama."

Mtafsiri wa kibanda,
Kirumba, Mwanza