Mama, niulizie jina la Bi Faida

Manchester, Jumapili usiku

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Natumai nyote hamjambo, mguu wa Baba umepungua uvimbe, na zile dawa nilizompa mtoto wa Bi Zuhura zimefika salama. Mimi mzima. Baridi ipo, kazi ya usiku ipo, alhamdulillahi.

Pesa za dari nimetuma Alhamisi, nusu kwenye simu yako na nusu kwa Athmani. Tafadhali fundi asipandishe kitu chochote juu ya boriti zilizoliwa na mchwa. Aanze na boriti, tena achukue za mkoko, hizo nyingine hazimalizi masika mawili. Za harusi nitatuma mwezi ujao. Mjomba naye nimemtumia zake. Nilimtumia kabla sijaisikiliza sauti yake, na ningemtumia hata baada ya kuisikiliza, asije akasema nimefunga mkono kwa hasira.

Lakini hasira ninazo, Mama, na nitakwambia wewe.

Dakika saba nzima Mjomba alinisema kwenye grupu la familia kwa ajili ya picha yangu iliyo kwenye maonyesho ya hapa, watoto wa Mama Mkubwa wakisikia, mpaka wale wa Muscat. "Umetuvua nguo mbele ya Wazungu." Kwamba nimeuchora utumwa nikautundika ukutani, na chini yake nikaandika majina ya nyumba yetu. Kwamba watu wa mtaa wetu wa Kibokoni, hapo Mombasa, wataanza kuulizana sisi hasa ni nani. Niliisikiliza ndani ya basi alfajiri nikitoka kazini, nilipofika nyumbani nikairudia. Halafu nikaona kuwa na wewe umeisikiliza, na hukusema neno. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Picha mmeiona kwenye simu, ndogo kama stempu. Ngoja nikueleze ilivyo. Ni vitambaa vinne vya kuchorea, kila kimoja kirefu kunishinda mimi, vimepangwa ubavu kwa ubavu. Wa kwanza kushoto ni Bi Faida, mamake Bibi, amevaa kaniki. Anayemfuata ni Bibi, kwenye leso yake ya kisutu. Wa tatu ni wewe na buibui lako, ushungi umekaa vizuri, uso wazi. Wa mwisho ni mimi, na koti la baridi, kichwa kitupu. Kila mmoja amemshika mwenzake mkono, na mikono inavuka kutoka kitambaa hiki hadi kile, kiasi kwamba ukiondoa mmoja, aliyebaki atakuwa ameshika hewa. Nyuma yetu ni ukuta wa sebule yetu na ile shajara ya nasaba ya Mjomba kwenye fremu yake ya dhahabu.

Umeitazama lini mara ya mwisho ile shajara, Mama? Mimi nimeisoma tangu nijue kusoma, nikikaa na wageni kungoja waondoke. Fulani bin fulani bin fulani, mpaka Hadhramaut. Vizazi 11, na hakuna mwanamke hata mmoja. Kila mmoja wa wanaume wale alibebwa tumboni na mtu, akanyonyeshwa na mtu, na mtu huyo hayumo. Majina yao sikuyachora. Nimepitisha mistari ya wino tu, hakuna awezaye kusoma ni ya nani. Nilifanya hivyo kwa kumheshimu Mjomba, naomba umfikishie hilo.

Kilichomuudhi zaidi najua ni maandishi ya pembeni. Waliandika jina langu, la Baba na la Babu, kama lilivyo kwenye pasipoti. Nikaomba waongeze mstari wa pili: binti wa Salma, binti wa Rukia, binti wa Faida. Yule mama anayesimamia maonyesho akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kazi yote nimeifanya kwa ajili ya mstari huo.

Na niacheni nijisifu, maana huko nyumbani hakuna aliyenisifu. Kazi zilizochaguliwa ni 12 tu, na yangu ndiyo iliyopewa ukuta wa kuingilia, na taa zake peke yake. Siku ya ufunguzi mzee mmoja wa Kijamaika alikaa kwenye benchi mbele yake mpaka akaambiwa wanafunga. Alinishika mkono, hakuwa na maneno mengi. Akasema tu kwamba mama wa nyanya yake naye alipewa jina la mali. Nilitamani mngekuwepo. Nilitamani Baba aone jinsi watu walivyopanga foleni kunisalimu mimi, mtoto wa Mji wa Kale, niliyekuwa nikichapwa kwa kuchora kwa mkaa kwenye ukuta wa chokaa.

Sasa nikuulize: wakumbuka mimi nilivyolijua jina la Bi Faida? Si kwa hadithi, wala kwa dua. Nilikuwa na miaka sita au saba, nacheza uani jua la saa saba, Mama Mkubwa akapaza sauti kutoka jikoni: "Mtoeni mtoto juani, atakuwa kama Bi Faida!" Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kuwa nilikuwa na bibi mzaa bibi. Niliambiwa kwa kutishwa. Dada alizaliwa mweupe akaitwa mwezi, mimi nikapakwa liwa ya kung'arisha ngozi. Simlaumu Mama Mkubwa, alikuwa akinitakia mume mzuri, na hivyo ndivyo alivyofunzwa na yeye. Ila ilinikaa.

Halafu ule mwaka wa mvua kubwa, kioo cha picha ya Bibi na ndugu zake kikapasuka, ukanituma nikabadilishe fremu. Sijawahi kukwambia nilichokiona. Picha ilikuwa imekunjwa upande wa kushoto, kama upana wa vidole vinne, ikabanwa kwa nyuma. Nikaikunjua. Pale alisimama mwanamke mfupi, mweusi, kaniki amejifunga kwapani, mkono wake mmoja uko begani kwa mtoto wa mwisho, naye ni Bibi. Miaka yote tuliona ule mkono kwenye bega tukadhani ni kivuli. Fundi wa fremu akaniuliza aikunje tena. Nilikuwa mtoto, nikasema ndiyo.

Hiyo ndiyo sababu nimemchora wa kwanza, na nimemchora mzima.

Rangi yake ilinichukua wiki tatu. Hapa walinifundisha kwamba ngozi nyeusi haichorwi kwa rangi nyeusi ya kopo, ukiitia hiyo mtu anakufa, anakuwa shimo. Unachanganya kahawia na buluu, unaongeza nyekundu kidogo kidogo. Nikawa najaribu, nafuta. Mwisho nilikumbuka halua pale inapokaribia kuiva, fundi anapoinua mwiko na ule mng'aro mwekundu unapita chini ya weusi. Nikaipata. Mkono ule ulipotokea juu ya bega la Bibi, niliweka brashi chini nikalia, Mama, nikiwa peke yangu na vitambaa vyangu.

Kaniki nayo nilitaka iwe kaniki kweli, buluu ya nili inayokaribia weusi, si nguo ya huzuni tu. Nilisoma sana kuihusu. Walivaa watumwa na wanawake wa kazi. Leso zilikuwa zikiuzwa Mombasa hata kabla Bi Faida hajaletwa, lile duka la Mali ya Abdulla limeanza 1887, lakini yeye akavishwa kaniki. Utumwa ulipofutwa pwani yetu 1907 alikuwa bado mtoto. Na binti yake, Bibi yetu, ndiye aliyekuwa akifungua sanduku kila Idi akatandaza leso doti kwa doti kitandani, akisoma majina yake, yale maneno yaliyoandikwa, kwa sauti. Nilikuwa nikidhani ni mapambo. Sasa najua alikuwa akihesabu mbali alikotoka mamake.

Mjomba anasema sisi ni Waarabu. Sawa, babake alikuwa na asili yake, sipingi. Lakini nilipokwenda kuchukua kitambulisho, karani aliniuliza kabila, nikasema Mswahili, akaniambia hilo si kabila, akanirudisha mara tatu. Hapa nako kila fomu ina visanduku vya rangi yako na asili yako, hata ya daktari wa meno. Siku ya kwanza aliyenijazia hakuniuliza, alinitazama tu akatia alama kwenye "Mweusi". Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilisikia kama nimetukanwa. Nikatoka nje nikasimama kwenye mvua, nikajiuliza ni nani aliyenifundisha kusikia vile. Nikamsikia Mama Mkubwa jikoni. Nilianza kuchora picha hii wiki hiyohiyo.

Nisidhaniwe kwamba mimi ndiye wa kwanza kufanya haya. Mwaka jana tulipelekwa Paris na chuo, nikaiona kwa macho yangu picha ya mwanamke mweusi aliyefungwa kilemba cheupe, amekaa kwenye kiti, anakutazama. Ilichorwa 1800 na mwanamke wa Kifaransa, Marie-Guillemine Benoist, miaka sita baada ya Ufaransa kuufuta utumwa na miaka miwili kabla ya Napoleon kuurudisha. Zaidi ya miaka 200 picha hiyo ilijulikana kama ya "mwanamke mweusi" tu. Mwaka 2019, ilipowekwa kwenye maonyesho, ndipo ilipoandikwa jina la aliyekaa pale: Madeleine, mtu wa Guadeloupe. Nilisimama nikalitamka jina lake polepole, na mimi simjui, si ndugu yangu.

Na yuko Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja, 1954. Huyu ndiye aliyepata Turner 2017, tuzo kubwa ya sanaa ya hapa, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwambie Mjomba ni mtoto wa Unguja, labda atalainika. Mwaka 2004 alitengeneza watu 100 wa mbao, wakubwa kama watu wa kweli, wapiga ngoma, washona viatu, walezi wa mbwa, Waafrika waliofanywa watumishi kwenye majumba ya Ulaya. Kila mmoja anasema jina lake la kwao, kisha jina aliloitwa na bwana wake. Nilipoijua kazi hiyo nilimfikiria Bi Faida kwa siku nyingi. Faida, Mama. Hilo ni jina la mtoto, au ni hesabu ya aliyemnunua?

La kichwa changu kuwa wazi, Mjomba ana haki ya kunisema, ni mjomba wangu, na naomba radhi kama limekuumiza wewe. Nimejichora ninavyotembea hapa. Sikutaka kujivisha ushungi kwenye picha kwa ajili yenu na kuuvua mlangoni. Hilo niachieni mimi na Mola wangu. Lakini Bi Faida sitamtoa. Mji huu ninaokaa ulitajirika kwa pamba, na pamba hiyo ilichumwa na watumwa Marekani, na limeandikwa kwenye makumbusho, watoto wa shule wanaletwa kulisoma. Sisi kila siku tunapanda matatu tunapita Kengeleni, pale walipowekwa walioachwa huru tangu miaka ya 1870, na sijawahi kumsikia mtu wa nyumbani kwetu akipatazama.

Nakosa mengi leo. Nakosa mahamri na mbaazi, nakosa adhana zinavyopishana alfajiri, msikiti huu umalize ule uanze. Nakosa hata kelele za Mjomba barazani.

Ninalokuomba ni moja. Siku ya hitma ya Bibi, Mama Mkubwa alisema kwamba mama yao alikuwa akiwahadithia vile Bi Faida alivyolia usingizini akijiita jina jingine, jina la kwao Nyasa. Alianza kulitaja. Sinia zikaingia, mtu akamkatiza, na mimi nilikuwa nimeshika birika la kunawisha watu mikono. Nenda kwake, Mama, usimpigie simu, nenda. Kaa naye, mnywe kahawa, umuulize. Hata kama ni nusu ya jina. Kwenye kitambaa cha kwanza, karibu na miguu ya Bi Faida, nimeacha nafasi ya upana wa kiganja, sijaichora. Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi na nimepata ruhusa ya kuingia na brashi yangu hata siku ya mwisho.

Nipigie asubuhi ya kwenu, nitakuwa macho.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha

Nimesahau: Bi Zuhura anakuja huku mwezi wa nane. Mpe ile leso ya kisutu iliyo chini kabisa ya sanduku. Usiifue. Ifunge na asumini ndani ya karatasi.