Ondoeni kifusi kabla ya kupanda ukoka

Mhariri,

Nyumba mpya nyingi Dar es Salaam hupandwa ukoka uani huku kifusi kikiwa chini. Nyasi hugeuka njano: chimba kidogo utaona mabonge ya zege, misumari na mchanga ulioshindiliwa na malori. Mbolea ya dukani haitaponya hilo.

Toeni kifusi chote, limeni kwa sululu sentimita 20, changanyeni samadi iliyooza vizuri, debe moja kwa mita ya mraba. Kisha sawazisheni mteremko kutoka ukutani, sentimita 2 kwa kila mita, la sivyo masika maji yatatuama kwenye msingi. Vipandikizi vya ukoka viachane sentimita 15. Na jamani, miembe isipandwe karibu na karo! Mizizi hufuata unyevu na kupasua mabomba.

Msomaji,
Dar es Salaam